Nyayo Sita za Bibi Holm

Solvej Kjær alikuwa na ugomvi wa kudumu na watu wanaodeki bila kufikiri. Akiingia nyumba yenye mbwa akasikia harufu ya klorini, aliuliza palepale, koti lingali mwilini, "Nani amemwaga hii?" Na aliyemwaga, awe binti wa mwenye nyumba au mfanyakazi mwenzake, alipewa somo amesimama. Mnyama hana viatu. Unachomwaga sakafuni atakikanyaga, na anachokikanyaga atakilamba. Kwa hiyo mlango ufungwe kwanza. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, suuza mara mbili, kausha, ndipo mlango ufunguliwe. Na yale mafuta ya kunukia ya msonobari, ambayo watu wa mjini huyatia kwenye ndoo, nyumba yenye paka yasivuke kizingiti.

Kwa miaka ishirini na sita alikuwa msaidizi wa nyumbani kwa wazee wa Hørsted, kijiji cha nyumba mia hivi kaskazini mwa Jutland, ambako upepo hauachi nguo zitulie kwenye kamba. Manispaa ilimpa gari dogo, sabuni isiyo na harufu na simu ya kumhesabia dakika. Wafanyakazi wapya waliletwa kwake wajifunze. Walimwogopa, wakamsengenya, na baada ya miezi mitatu walikuwa wakisema maneno yake yaleyale kwa sauti yake ileile. Alilijua hilo, na lilimvimbisha kichwa, ingawa ungemuuliza angekana.

Basi mtu huyo ndiye aliyemuua Bibi Holm. Nalisema mapema, asije mtu akadhani namfichia.

Bibi Holm alikuwa paka. Paka wa kijivu, mnene, wa miaka kumi na minne, mwenye kutazama watu kwa dharau. Mwenyewe, Villads Thorup, alimpa jina hilo kwa sababu alifanana mno na mke wa mwalimu mkuu wa zamani, mama mmoja ambaye maisha yake yote hakuitikia salamu ya mtu wa kiwanda cha maziwa. Villads alikuwa mtu wa kiwanda cha maziwa kwa miaka arobaini. Na tangu mkewe Ellen afariki, miaka sita iliyopita, alikuwa akisema "mimi na Bibi Holm" vile wanaume wengine wasemavyo "mimi na mke wangu." Mimi na Bibi Holm hatupendi taarifa ya habari. Mimi na Bibi Holm leo tumekula samaki wa heringi.

Solvej alikuja kwake Jumanne moja kila wiki mbili, dakika arobaini.

"Bibi Holm anasema umechelewa," Villads humpokea hivyo mlangoni.

"Mwambie aende manispaa akanishtaki."

"Anasema ataandika barua."

"Aandike. Ila aandike akiwa chumba cha kufulia, maana nadeki."

Villads humbeba paka mwenyewe mpaka chumba cha kufulia, akamfungia, kisha akaenda kukaa jikoni na miguu juu ya kigoda ili fagio lipite. Nyonga yake ilikuwa mbovu na hakwenda mbali tena. Sakafu ikikauka, Solvej humfungulia Bibi Holm kwa mkono wake. Hajawahi kumwachia mtu mwingine kazi ya kufungua mlango huo.

Kitu kimoja tu katika nyumba hiyo kilimkera Solvej, nacho ni sakafu ya sebule. Zilikuwa mbao pana za msonobari, na enzi za Ellen zilikuwa nyeupe kama maziwa. Weupe huo hautoki kwenye sabuni peke yake. Kila majira ya kuchipua, wanawake wa Hørsted walizipaka mbao maji makali ya magadi, si yale ya kupikia bali yale yanayochuna ngozi, wakaziacha siku nzima zinywe, kesho yake ndipo wakazipiga sabuni ya moto. Solvej alifundishwa na mama yake, wote wawili wamepiga magoti, glavu za mpira hadi viwikoni. Wanaume hawakuambiwa. Kwa siku hizo mbili walifukuzwa nyumbani pamoja na mbwa na paka. Villads alikuwa akienda kwa kaka yake na paka ndani ya kikapu, anavua samaki, anarudi anakuta sebule imeng'aa, na maisha yake yote aliamini kwamba ni sabuni na mikono ya Ellen. Ellen hakumsahihisha. Wanawake wa rika lake walipenda iaminike hivyo.

Manispaa ilikataza magadi hayo kabisa. Tangu Ellen afe, mbao zikaanza kugeuka rangi, mwaka hadi mwaka, na Solvej akazideki hivyohivyo kwa sabuni ya manispaa huku moyo unamuuma.

Mwezi wa Mei Villads alikuwa anatimiza miaka themanini na mitano. Siku kama hiyo bendera hupandishwa mlingotini na mlango huachwa wazi, na kijiji kizima huja kuanzia saa nne asubuhi kula mikate yenye siagi, kunywa kahawa na kile kinywaji kikali cha uchungu kwenye bilauri ndogo, na kukagua nyumba ya mwenzao. Binti yake, Dorrit, aliyekuwa akifanya kazi benki huko Aalborg, alikuja wiki mbili kabla kupanga mambo. Akasimama mlangoni mwa sebule, mikono kiunoni.

"Baba, hii sakafu imekuwa kama meno ya mvuta kiko."

"Mimi na Bibi Holm hatuioni hivyo."

"Si Solvej anakuja?"

"Anakuja. Kila wiki mbili."

"Anafanya nini sasa?"

Solvej alikuwa jikoni anakamua tambara. Alilikamua mpaka likabaki kavu. Dorrit alipomwona, alitabasamu kwa adabu, jambo lililozidi kuudhi.

"Usinielewe vibaya, Solvej. Najua mna dakika zenu. Mimi naweza kutafuta kampuni ije ifanye."

"Usimtafute mtu," Solvej alisema. "Jumamosi nakuja mwenyewe. Siku yangu ya mapumziko. Manispaa haihusiki."

"Kweli? Itakuwa nyeupe kama ya mama?"

"Itakuwa nyeupe kuliko ya mama yako."

Maneno hayo yalimponyoka kwa hasira, na akishasema jambo, Solvej hakuwa mtu wa kurudi nyuma.

Jumamosi asubuhi alikuja na chupa nzito aliyoitoa kwenye ghala lake la chini. Wakahamishia viti uani. Villads akaiangalia chupa.

"Ni nini hicho?"

"Sabuni."

"Sabuni gani haina povu?"

"Sabuni tu, Villads. Sabuni. Kaa jikoni."

Kwa nini hakumwambia? Sababu ya kwanza ilikuwa woga. Villads hakuwa mtu wa kwenda dukani na siri akarudi nayo, na manispaa ingesikia ingemwachisha kazi, imebaki miaka minne apate pensheni. Sababu ya pili ilikuwa majivuno. Alitaka yule mzee aamini, kama alivyoamini kwa Ellen, kwamba ni mikono yake. Mimi nadhani sababu ya pili ndiyo ilikuwa na nguvu zaidi.

Bibi Holm akafungiwa chumba cha kufulia na maji, chakula na sanduku lake la mchanga. Solvej alikuwa amekuja na kikapu, akiwaza kumchukua paka akalale kwake. Akamtazama Villads jinsi alivyokishika kile kikapu, akaona mzee hataweza kulala bila paka wake, akakirudisha garini.

"Sikiliza. Mlango huu usiufungue mpaka kesho nitakaporudi."

"Mpaka kesho? Kwa ajili ya sabuni?"

"Ataweka nyayo. Ataniharibia kazi."

Kila mfanyakazi mpya aliyepita mikononi mwake aliambiwa sababu ya kweli: atakanyaga, atalamba, ataungua. Villads aliambiwa kuhusu nyayo.

Saa kumi jioni simu yake ililia.

"Solvej, samahani kukusumbua siku yako. Bibi Holm anadondosha mate. Nimempa heringi lakini hataki. Labda mfupa umemkwama."

"Ulimfungulia mlango?"

"Kidogo tu, baada ya chakula cha mchana. Alikuwa analia, na unajua anapenda kukaa dirishani. Nikasema, sakafu yenyewe imepigwa sabuni tu. Nyayo nitazifuta mwenyewe."

Aliendesha gari bila kufunga mlango wa nyumba yake. Alimkuta paka chini ya meza ya jikoni, mdomo wazi, ulimi mwekundu kama nyama. Alimshika, akamwosha miguu yote minne kwenye bomba la jikoni kwa robo saa nzima, maji ya uvuguvugu, kidole kwa kidole, kama alivyowafundisha wengine. Paka hakumkwaruza. Villads alisimama pembeni ameshika taulo.

"Una mikono mizuri wewe," alisema. "Anakuamini."

Solvej alifunga bomba. Walimfunga kwenye taulo, wakaenda mjini kwa daktari wa wanyama wa zamu, mwanamke kijana aliyefungua mdomo wa paka akaumulika na tochi na kukunja uso.

"Amekanyaga nini huyu?"

"Hakuna kitu," Villads alisema. "Sakafu imedekiwa, lakini kwa sabuni tu. Huyu Solvej ndiye aliyedeki. Daktari, Jutland nzima humpati mwangalifu kama huyu. Yeye ndiye anayewafundisha wenzake."

"Sabuni haifanyi hivi. Ameunguzwa, mdomo na koo, na nyayo pia zimechubuka. Nyumbani una unga wa kuzibulia bomba?"

 Mkono wa Villads uliokuwa ukimpapasa paka ukasimama.

"Ninao. Chini ya sinki. Juzi nilizibua bomba la jikoni." Sauti ikamshuka. "Sikumbuki kama nilifunga kopo. Solvej, nilifunga kopo?"

Nafasi ilikuwepo. Daktari alikuwa anaandika, Villads alikuwa amemgeukia, na maneno yaliyohitajika yalikuwa machache: ni mimi, niliweka magadi. Solvej alifungua kinywa. Akakumbuka kwamba ule unga na yale magadi ni sumu moja, tiba ni ileile, paka hatapona haraka zaidi kwa kujua kopo lipi. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomharibu, kwa sababu lilimpa ruhusa ya kunyamaza.

"Sijui, Villads," alisema.

Siku ya pili yake, Jumapili, alirudi kuimalizia sakafu, maana magadi hayaachwi yakae. Akajikaza kisabuni, akachemsha maji, akayeyusha sabuni, akapiga magoti. Kutoka mlango wa jikoni mpaka dirishani kulikuwa na nyayo sita. Bibi Holm alizikanyaga mbao zingali zinakunywa, na pale alipokanyaga pakabaki kijivu. Solvej alizisugua mpaka mabega yakauma. Kila kitu kikawa cheupe isipokuwa zile sita.

Koo la Bibi Holm, aliyelazwa kwa daktari, halikufunguka tena. Jumatano daktari alipiga simu kusema ni ukatili kuendelea, na Villads akaenda kumshika wakati anachomwa sindano ya mwisho. Alimzika mwenyewe nyuma ya banda, kwa koleo na nyonga yake ileile, akakataa kusaidiwa.

Jumamosi bendera ikapanda. Watu walijaa, wakavua viatu, wakaisifu sakafu hadi Solvej, aliyekuwa akizunguka na birika la kahawa, hakujua aweke wapi macho. Dorrit naye alikuwa akimvuta mgeni mmoja mmoja pembeni.

"Aliacha kopo la sumu wazi, unaweza kuamini? Leo paka. Kesho atajitilia mwenyewe kwenye kahawa. Hawezi kuishi peke yake tena."

Gudrun, dada mkubwa wa marehemu Ellen, mwenye miaka tisini na fimbo, aliinama akapitisha kidole juu ya ubao.

"Magadi," alisema. "Mimi usinidanganye, Solvej. Sabuni peke yake haijawahi kufanya hivi tangu nizaliwe."

"Ni sabuni, Gudrun."

"Basi mimi ni bikira."

Waliokuwa karibu wakacheka. Villads alikuwa kwenye kiti chake, hatua mbili kutoka hapo, na hakucheka. Alikuwa akikoroga kahawa. Solvej aliona kijiko kikizunguka na kuzunguka, akakumbuka kwamba mzee huyo hunywa kahawa kavu, bila sukari wala maziwa, kisha akajitia hamnazo akaenda kujaza birika.

Wiki iliyofuata mama mmoja wa manispaa alimpigia Solvej simu. Je, kwa kazi yake, ameona dalili za kusahau kwa Villads Thorup? Solvej alisema ni mzee kama wazee wengine. Mama yule akashukuru na kukata simu. Jibu hilo halikumsaidia mtu yeyote, na Solvej alijua wakati analitoa.

Mwezi wa Juni Villads aliweka sahihi kwenye fomu ya kuhama. Chumba kikapatikana kwenye nyumba ya wazee ya mjini, dirisha linatazama maegesho ya magari. Dorrit akaiweka nyumba sokoni, akamwomba Solvej aje kuisafisha siku ya kuhama. Alikuta gari la mizigo limeshapakiwa na Dorrit yuko uani anaongea kwenye simu. Villads alikuwa sebuleni peke yake, kwenye kiti cha jikoni, koti limefungwa vifungo vyote. Miguu yake ilikuwa kando ya nyayo sita.

"Gudrun alinieleza," alisema, bila kumtazama. "Yale magadi. Na kwa nini Ellen alikuwa ananitoa nyumbani kila mwaka. Nilidhani hataki buti zangu."

Solvej aliweka ndoo chini.

"Alikueleza lini?"

"Sikukuu yangu. Nilijua hata kahawa yangu haijapoa."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Dorrit?" Sasa alimtazama. "Mzee asiyekumbuka kufunga kopo, anamsingizia Solvej Kjær mwangalifu. Wangenihamisha wiki ileile. Neno langu lilikuwa limekwisha thamani. Lilibaki lako."

"Villads."

"Nilikusubiri. Ulipokuwa unamimina kahawa, nilikusubiri. Yule mama wa manispaa alikuja na fomu siku ya Jumatatu. Nikamwambia arudi Alhamisi, kwa sababu Jumanne ulikuwa na zamu kwangu. Jumanne ukaja. Ukadeki. Ukasema mvua inakuja." Alinyanyuka kwa kushikilia mgongo wa kiti. "Alhamisi nikaweka sahihi."

"Nisamehe."

"Pengine nitakusamehe. Leo siwezi."

Alipita kando yake, polepole, akiziruka zile nyayo, akatoka akaingia kwenye gari la binti yake na kufunga mkanda. Solvej alibaki amesimama. Kisha akatoka nje kwa haraka akamkuta Dorrit anaweka simu mfukoni.

"Dorrit, halikuwa kopo. Nilipaka magadi sebuleni. Nikamwambia ni sabuni. Baba yako hakufanya kosa lolote. Kichwa chake ni kizima."

 Dorrit aliangalia gari, alimokaa baba yake akitazama mbele. Aliangalia gari la mizigo. Usoni mwake Solvej aliona hasira ikipanda, kisha ikashuka, na uchovu ukachukua nafasi yake.

"Unaniambia leo," alisema. "Nyumba imeshapata mnunuzi. Anakuja Alhamisi."

"Nimechelewa. Najua. Lakini mwambie baba yako angalau kwamba umejua."

"Hapana. Na wewe usimwambie kitu. Amekwisha kubali, ametulia. Akisikia halikuwa kosa lake atavurugika bure." Akafungua mlango wa gari, kisha akakumbuka jambo. "Na yale madoa karibu na dirisha, Solvej. Ukiweza kuyatoa, nitashukuru."

Magari mawili yakaondoka. Solvej akarudi ndani. Nyumba ilikuwa tupu, haina hata pazia. Alijaza ndoo maji ya uvuguvugu, akatia sabuni kidogo, akapiga magoti karibu na dirisha. Halafu akainuka tena, akaenda kwa mazoea kufunga mlango wa chumba cha kufulia, paka asije akaingia sakafu ikiwa mbichi.